Uainishaji wa Kasoro Sahili za Nyuso: Orodha Moja, Njia Nyingi

Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kuelezwa maana ya uainishaji. Tangu shule ya msingi hukariri ngeli, na akifika chuo kikuu hugundua kwamba orodha aliyoikariri si ya pekee. Wapo wataalamu wanaozigawa nomino kwa kuangalia viambishi awali vya umoja na wingi, na wapo wanaozigawa kwa kuangalia upatanisho wa kisarufi katika sentensi. Mikabala hii miwili haikubaliani daima. Nomino *kifaru* na *kipofu* zina umbo lile lile la *kitabu* na *kikombe*, kwa hivyo mkabala wa kimofolojia huzitia katika kapu moja. Hata hivyo, msemaji mwenye ufasaha hasemi *kipofu kile kimefika* ila akikusudia kudharau. Husema *kipofu yule amefika*, na papo hapo mkabala wa upatanisho huihamishia nomino hiyo katika ngeli ya A-WA. Matokeo ni kwamba idadi ya ngeli hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu, na mwanafunzi hubaki akijiuliza kama ngeli zimo katika lugha yenyewe au zimo katika daftari la mwainishaji.

Swali hilo si la wanaisimu peke yao. Makala haya yanaeleza uainishaji mmoja kutoka tawi la hisabati liitwalo jiometri ya kialjebra, ambamo vigezo visivyohusiana hata chembe, vilivyobuniwa na watu waliokuwa wakitafuta mambo mengine kabisa, vilizaa orodha ile ile moja. Vitu vinavyoainishwa ni kasoro sahili za nyuso. Hisabati itakayohitajika haizidi sana ile ya shule ya upili. Anayekumbuka mlinganyo wa duara ana akiba ya kutosha kuanzia.

Uso na kasoro yake

Mlinganyo x² + y² = 1 ukichorwa kwenye karatasi hutoa duara. Ukiongezwa mwelekeo wa tatu, yaani kimo z, mlinganyo x² + y² + z² = 1 hutoa tufe, umbo la chungwa au mpira. Umbo lolote linalopatikana hivi kutokana na mlinganyo wa polinomia wenye x, y na z huitwa uso wa kialjebra, na jumla kubwa kabisa ya vipeo katika kipande kimoja cha mlinganyo huo huitwa digrii ya uso. Tufe ni laini kila mahali. Popote mtu atakapotuliza ubao ulionyooka juu yake, ubao utaugusa kwa namna moja tu. Sivyo kwa mlinganyo x² + y² = z². Huu hutoa koni mbili zilizogusanishwa ncha kwa ncha, mithili ya saa ya mchanga. Kwingine kote ubao hutulia. Penye ncha hautulii, huyumba huku na huku. Nukta ya namna hiyo ndiyo kasoro ya uso.

Neno *kasoro* linafaa hapa kwa sababu mbili. Katika matumizi ya kawaida ni dosari, na ncha ile ni dosari katika ulaini wa uso. Lakini Mswahili husema pia *saa tatu kasoro robo*, akimaanisha kitu kilichopunguzwa, na katika nukta hiyo kuna upungufu halisi. Viwango vya mabadiliko ya polinomia kuelekea x, kuelekea y na kuelekea z ndivyo ambavyo kwa kawaida huelekeza ubao utulie vipi. Penye kasoro vyote vitatu huwa sufuri kwa pamoja, na mlinganyo hubaki bila dira. Neno *upekee*, ambalo lingekuwa tafsiri sisisi ya jina linalotumika katika lugha za Ulaya, halidokezi lolote kati ya haya.

Kabla ya kuainisha ni sharti kukubaliana ni lini vitu viwili vihesabiwe kuwa kimoja. Wanahisabati huruhusu uso upindwe na kuvutwa karibu na nukta husika, mradi upindaji wenyewe uwe laini na uweze kutenguliwa. Kasoro mbili zinazoweza kugeuzwa hivyo, moja ikawa nyingine, huhesabiwa kuwa moja. Mwanafunzi wa fonolojia atalitambua wazo hili mara moja: sauti mbili zinaweza kutofautiana kinywani na bado zikawa alofoni za fonimu moja. Fauka ya hayo, x, y na z huruhusiwa kuwa nambari changamano, yaani nambari zinazojumuisha kipeuo cha pili cha −1. Kwa ruhusa hiyo tofauti ya kujumlisha na kutoa hupoteza uzito: x² + y² − z² na x² + y² + z² huwa kitu kimoja, kwa kuwa z inaweza kuzidishwa kwa kipeuo hicho na alama yake ikageuka.

Kuainisha kwa sura ya nje

Kazi ilianza na nyuso za digrii ya 3. Mwaka 1849 Arthur Cayley na George Salmon walionyesha kwamba uso laini wa digrii hiyo hubeba mistari iliyonyooka 27 kamili, ikiwa nambari changamano zinaruhusiwa. Swali lililofuata halikuepukika: uso ukiwa na kasoro, mistari hiyo huwaje? Ludwig Schläfli, mwanahisabati wa Uswisi, alizipanga nyuso hizo kulingana na kasoro zake mwaka 1863, na Cayley akafanya vivyo hivyo mwaka 1869.

Kigezo chao kilikuwa sura ya nje. Kasoro ikitazamwa kwa ukaribu mno, nyuso hizo huonyesha moja kati ya mambo matatu: koni kamili, mabapa mawili yanayokatana, au bapa moja linalohesabiwa mara mbili. Kasoro ya koni waliiandika C2. Zile za mabapa mawili wakaziandika B3, B4, B5 na B6. Na zile za bapa moja wakaziandika U6, U7 na U8. Nambari zilionyesha ukubwa wa upungufu ambao kasoro huleta katika hesabu nyingine ya uso, na upungufu wa mistari nao haukosi kuonekana. Kasoro moja ya koni huacha mistari 21 kati ya ile 27. Kasoro nne za koni, ambazo ndizo nyingi kabisa uso wa digrii ya 3 unaweza kubeba, huacha 9. Na U8 huacha mstari mmoja tu.

Huu ulikuwa uainishaji mzuri kwa wakati wake, na hesabu zake zingali sahihi. Hata hivyo, ulikuwa uainishaji wa kimofolojia. U6, U7 na U8 zilitiwa katika kapu moja kwa kuwa zote huonyesha bapa moja. Miaka mia moja baadaye ilidhihirika kwamba U6 na U7 ni ndugu, ilhali U8 ni ya ukoo mwingine kabisa. Kisa ni kile kile cha *kifaru* na *kitabu*.

Usahili ni nini?

Katika sarufi, sentensi sahili hutambuliwa kwa kuwa na kishazi huru kimoja tu. Usahili wa kasoro haupimwi kwa ufupi wa mlinganyo bali kwa majirani zake. Mlinganyo ukitikiswa kidogo, kwa kuongezewa vipande vidogo mno vya x, y na z, kasoro iliyokuwapo aghalabu hupasuka ikawa kasoro ndogo zaidi au hutoweka kabisa. Ikiwa aina za kasoro zinazoweza kuzuka kwa mitikisiko yote hiyo zina idadi yenye kikomo, kasoro ya awali huitwa sahili. Fasili hii ilipata umaarufu kupitia kwa Vladimir Arnold, mwanahisabati wa Moscow, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mfano wa mistari unaonyesha kwa nini fasili hiyo ina maana. Mistari mitatu inayopita katika nukta moja kwenye karatasi inaweza kupindwa na kuvutwa mpaka ikaangukia mistari mingine yoyote mitatu inayopita katika nukta moja. Kwa hivyo kuna mkutano wa mistari mitatu wa aina moja tu. Mistari ikiwa minne mambo huharibika. Miwili ikiwekwa mahali pake, na wa tatu ukiwekwa, wa nne hauna tena uhuru: kuna uwiano fulani kati ya minne hiyo ambao haubadilishwi na upindaji wowote laini, na uwiano huo unaweza kuchukua thamani yoyote, ukiteleza kutoka moja hadi nyingine bila kukatika. Mikutano ya mistari minne haina orodha ila ina mfululizo. Kuipa majina moja baada ya jingine ni sawa na kujaribu kuhesabu rangi za machweo. Polinomia ya mistari hiyo ikiongezewa x² hupatikana uso, na tofauti ile ile hubaki: penye mistari mitatu kasoro ni sahili, penye minne si sahili.

Mwaka 1972 Arnold alichapisha orodha ya kasoro zote sahili. Kwa nyuso, orodha hiyo ni hii:

A: x² + y² + zⁿ⁺¹ = 0, n ikianzia 1
D: x² + y²z + zⁿ⁻¹ = 0, n ikianzia 4
E6: x² + y³ + z⁴ = 0
E7: x² + y³ + yz³ = 0
E8: x² + y³ + z⁵ = 0

Koo mbili zisizo na mwisho, na kasoro tatu zisizo na ukoo mrefu. Koni mbili zilizogusana ni A1. Mkutano wa mistari mitatu ni D4. Kasoro za Schläfli nazo zapata makao mapya: B3 hadi B6 ni A2 hadi A5, U6 ni D4, U7 ni D5, na U8 ni E6.

Msomaji makini atauliza herufi B na C zilikwenda wapi. Jibu ni kwamba herufi hizi zilikuwa zimekwisha kutumika kwingine. Mwishoni mwa karne ya 19, Wilhelm Killing na Élie Cartan walikuwa wameainisha miundo ya kialjebra inayohusishwa na jina la Sophus Lie wa Norwei, na orodha yao ilikwenda kutoka A hadi G. Arnold hakuzichagua A, D na E kwa kupenda. Alizikuta, kwa sababu hesabu zake zilifuata nyayo za miundo hiyo. Koo za B na C, pamoja na F4, hujitokeza pia uso ukiwa na mpaka, jambo ambalo Arnold alilionyesha mwaka 1978, lakini hilo si la kujadiliwa hapa.

Njia ya Klein: maumbo mango

Mwaka 1884, yaani takriban miaka tisini kabla ya Arnold, Felix Klein, aliyekuwa profesa Leipzig nchini Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu ikosahedroni na utatuzi wa milinganyo ya digrii ya 5. Kasoro za nyuso hazikuwa lengo lake.

Ikosahedroni ni umbo lenye nyuso 20 za pembetatu zilizo sawa. Ni mojawapo ya maumbo mango matano yaliyojulikana tangu enzi ya Wagiriki wa kale. Mengine ni tetrahedroni yenye nyuso 4, mchemraba wenye nyuso 6, oktahedroni yenye nyuso 8 na dodekahedroni yenye nyuso 12. Mtu akiweka mchemraba mezani, akafumba macho, na mwenzake akauzungusha kisha akaurudisha uonekane kama ulivyokuwa, kuna njia 24 ambazo mwenzake angeweza kutumia, ukihesabu na ile ya kutofanya lolote. Tetrahedroni ina njia 12 na ikosahedroni ina 60. Oktahedroni huzunguka sawa na mchemraba, na dodekahedroni sawa na ikosahedroni. Ukiondoa hizo, hubaki aina mbili tu za mizunguko yenye kikomo: ile ya gurudumu, linalozungukia mhimili mmoja, na ile ya sahani yenye pembe sawa, ambayo licha ya kuzungushwa inaweza pia kupinduliwa. Aina mbili zisizo na mwisho, na tatu za pekee. Mwenye kumbukumbu ya orodha ya Arnold ameanza kushuku.

Klein aliiweka ikosahedroni ndani ya tufe na kuzisoma nukta za tufe kama nambari changamano. Umbo hilo lina ncha 12, kwa hivyo kuna polinomia ya digrii ya 12 ambayo huwa sufuri penye ncha hizo pekee, iitwe f. Lina nyuso 20, na polinomia ya digrii ya 20 huwa sufuri katikati ya kila uso, iitwe H. Lina kingo 30, na polinomia ya digrii ya 30 huwa sufuri katikati ya kila ukingo, iitwe T. Hakuna mzunguko wa ikosahedroni unaozibadilisha polinomia hizi, na polinomia nyingine yoyote isiyobadilishwa na mizunguko hiyo inaweza kujengwa kutokana nazo. Lakini zenyewe haziko huru. Ndugu hawa watatu wamefungwa na uhusiano mmoja:

T² + H³ = 1728 f⁵

Hebu digrii zikaguliwe: 30 mara 2 ni 60, 20 mara 3 ni 60, na 12 mara 5 ni 60, idadi ile ile ya mizunguko. Nambari 1728 na alama yake zinaweza kumezwa na herufi f, na kinachobaki ni x² + y³ + z⁵ = 0. Hiyo ni E8. Ukiona vyaelea, vimeundwa: mlinganyo mfupi kama huo umebeba ncha, nyuso na kingo zote za ikosahedroni.

Maumbo mengine nayo hutoa yaliyosalia. Tetrahedroni huzaa E6, mchemraba huzaa E7, gurudumu huzaa ukoo wa A na sahani huzaa ukoo wa D. Kijiometri, maana yake ni kwamba kila mojawapo ya nyuso hizi ni nafasi laini iliyokunjwa. Karatasi ya kufungia karanga ni bapa kabla ya kuviringishwa. Ikishaviringishwa huwa na ncha, ingawa karatasi yenyewe haikuwa na ncha popote. Vivyo hivyo, nafasi ya nambari changamano mbili mbili ikikunjwa kwa kufuata mizunguko ya ikosahedroni, ambayo hapa kila mmoja huhesabiwa mara mbili na kufanya jumla ya 120, mikunjo yote hukutana mahali pamoja, na hapo pana E8.

Njia ya du Val: kufumua

Patrick du Val alikuwa Cambridge, Uingereza, alipochapisha mwaka 1934 makala tatu mfululizo kuhusu kasoro ambazo hazivurugi hesabu fulani muhimu za uso. Kigezo chake hakikuwa majirani wala mizunguko. Alichofanya ni kuzifumua kasoro.

Kufumua ni kuiondoa nukta yenye kasoro na kuweka mahali pake mielekeo yote inayopitia hapo. Koni mbili zilizogusana zikifanyiwa hivyo, ncha hupanuka ikawa pete na umbo zima huwa kama bomba, laini kila mahali. Kwa nambari changamano, pete hiyo huwa tufe. Kasoro nzito zaidi hazitosheki na tufe moja. Huhitaji kadhaa, yanayogusana kwa utaratibu maalumu, na utaratibu huo unaweza kuchorwa kwa urahisi: kila tufe huwekewa kidoto, na matufe mawili yakigusana vidoto vyake huunganishwa kwa mstari.

Michoro aliyoipata du Val haikuwa mingi. Kasoro ya ukoo wa A huwa na vidoto n katika mstari mmoja, kama shanga uzini. Ya ukoo wa D ni mstari uliogawanyika panda mwishoni. E6, E7 na E8 ni michoro yenye vidoto 6, 7 na 8, kila mmoja ukiwa na kidoto kimoja cha makutano na mikono mitatu. Miaka hiyo hiyo H. S. M. Coxeter alikuwa akitumia michoro ya namna hii kuainisha makundi yanayotokana na vioo vinavyoakisiana, na michoro ya A, D na E ilikuwamo. Katika miaka ya 1940, Eugene Dynkin, akiwa kijana Moscow, aliitumia kuipanga upya kazi ya Killing na Cartan, na kwa jina lake ndiyo inajulikana hadi leo.

Kwa nini orodha inaishia E8? Sababu yake inaweza kuandikwa kwa sehemu za kawaida. Hesabu vidoto vya kila mkono, ukijumuisha kile cha makutano, na uziite p, q na r. Matufe hayawezi kufungamana yakafinyika hadi kuwa nukta moja ya aina hii ila iwapo 1/p + 1/q + 1/r inazidi 1. Kwa ukoo wa D nambari ni 2, 2 na yoyote ile, hivyo jumla huzidi 1 daima, na ndiyo maana ukoo huo hauna mwisho. Kwa E6 ni 2, 3, 3. Kwa E7 ni 2, 3, 4. Kwa E8 ni 2, 3, 5, ambapo jumla ni 31/30, imepita kwa kijisehemu tu. Hatua inayofuata, 2, 3, 6, hutoa 1 kamili, na mlango hufungwa. Ni vigumu kutozirudia nambari 2, 3 na 5. Ndizo vipeo katika mlinganyo wa E8. Ndizo urefu wa mikono ya mchoro wake. Na ikosahedroni hurudi ilivyokuwa baada ya mizunguko 2 kupitia katikati ya ukingo, 3 kupitia katikati ya uso, na 5 kupitia ncha.

Sharti la sehemu linaeleza pia nini kilichoko ng'ambo ya mpaka. Nambari 3, 3, 3 nazo hutoa 1 kamili, na zinalingana na mlinganyo x³ + y³ + z³ + axyz = 0, ambamo a inaweza kuteleza kama ule uwiano wa mistari minne. Kati ya kasoro zilizojitenga, uso wa digrii ya 3 huweza kubeba zile za orodha au hii moja tu, na ukibeba hii huwa koni mzima mzima. Schläfli na Cayley walikuwa karibu sana na mpaka wa usahili bila kuwa na njia ya kuuona.

Mapatano ya vigezo

Mwaka 1966 Michael Artin alizifikia kasoro hizi kwa kigezo kingine cha kialjebra. Mwaka 1970, katika Kongamano la Kimataifa la Wanahisabati lililofanyika Nice, Ufaransa, Egbert Brieskorn alionyesha kwamba herufi A, D na E si za kuazima: ndani ya kundi la Lie lenye jina E8 mna mahali ambapo kasoro E8 yenyewe hukaa, na vivyo hivyo kwa nyingine zote.

Mwisho akaja John McKay wa Montreal, Kanada, ambaye mwaka 1980 alichapisha uchunguzi uliowashangaza wengi kwa wepesi wake. Kundi lolote lenye kikomo huwakilishwa kwa njia kadhaa za msingi zisizogawanyika zaidi, kama neno linavyochanganuliwa hadi kwenye mofimu. Kundi la mizunguko 120 ya ikosahedroni lina njia tisa za aina hiyo, zenye ukubwa wa 1, 2, 2, 3, 3, 4, 4, 5 na 6. Vipeo vya pili vya nambari hizi vikijumlishwa hutoa 120 kamili. McKay aliweka kidoto kwa kila njia, na kuviunganisha kwa kuangalia kinachotokea njia hiyo inapozidishwa kwa mojawapo ya zile zenye ukubwa wa 2. Akapata mchoro wa E8 wenye kidoto kimoja cha ziada. Hakukuwa na tufe wala kasoro katika hesabu hiyo. Mwaka 1983 Gérard González-Sprinberg na Jean-Louis Verdier walitoa maelezo ya kijiometri ya jinsi vidoto vya McKay na matufe ya du Val vinavyoshikana.

Hapa ndipo mwanaisimu anaweza kuona wivu. Nomino za Kiswahili zimepimwa kwa viambishi, kwa upatanisho, na kwa maana, hasa uhai wa kirejelewa, na kila kipimo kimetoa kapu lililotofautiana kidogo na jingine. Tofauti hizo hazimaanishi kwamba ngeli ni njozi. *Kifaru* huandamana na A-WA kwa sababu uhai umeshinda umbo, na hilo lenyewe ni habari kuhusu lugha. Lakini kitabu cha sarufi kinachotaja idadi ya ngeli bila kutaja kigezo kilichotumika kimemnyima mwanafunzi nusu ya jibu. Katika kasoro sahili mtu anaweza kusahau kigezo na bado asipotee. Hali hiyo ni adimu hata katika hisabati, na isichukuliwe kuwa kawaida ya uainishaji.

Isitoshe, mapatano hayo hayajafafanuliwa yote. Katika mkusanyiko wa maswali ya hisabati uliochapishwa mwaka 1976, Arnold aliuliza ni chanzo gani kimoja kinachozifanya orodha za A, D na E zizuke katika nyanja nyingi hivyo. Jozi nyingi za vigezo zimeunganishwa tangu wakati huo. Chanzo kimoja kinachokubaliwa na wote hakijapatikana.

Wala kuzijua aina si kuyajua yote kuzihusu. Hata A1, ile ndogo kuliko zote, ina swali lake: uso wa digrii fulani unaweza kubeba ngapi kwa wingi? Kwa digrii ya 3 ni 4, kama ilivyotajwa. Kwa digrii ya 4 ni 16, kwenye nyuso zilizoelezwa na Ernst Kummer mwaka 1864. Kwa digrii ya 5 ni 31, uso wake ukiwa umepatikana na Eugenio Togliatti mwaka 1940, na uthibitisho kwamba haiwezi kuzidi ukaja takriban miaka arobaini baadaye kutoka kwa Arnaud Beauville. Kwa digrii ya 6 ni 65. Uso huo uliundwa na Wolf Barth mwaka 1996 kwa kuufanya ulingane na mizunguko yote ya ikosahedroni ya Klein. Kwa digrii ya 7, Oliver Labs alionyesha mwaka 2004 uso wenye 99, na inajulikana kwamba idadi haiwezi kupita 104. Kati ya 99 na 104 hakuna aliyethibitisha lolote.